Obijekti za Hifadhidata Kati ya Ombi na Ombi: Nini Kivuke, Nini Kiachwe

Tangu toleo la 2.0 la Spring Boot lilipotoka mwaka 2018, programu ya wavuti inayotumia fremuweki hiyo pamoja na Hibernate kwa kawaida huandika mstari mmoja wa onyo kila inapowashwa. Onyo linasema kwamba mpangilio uitwao open-in-view umewashwa, na kwamba kwa hiyo hifadhidata inaweza kuulizwa maswali hata wakati ukurasa unatengenezwa. Kinachowachanganya wengi ni kwamba walioweka onyo ndio walioacha mpangilio huo ukiwa umewashwa tangu mwanzo. Wapo wanaouzima kwa sababu wamesikia ni tabia mbaya, programu inajaa kosa la LazyInitializationException, nao wanauwasha tena siku hiyo hiyo. Wapo wasiougusa kabisa na hawajawahi kuona tatizo. Wapo pia wanaoziba kosa hilo kwa kila dawa wanayoipata, bila kujali inatibu nini. Nyuma ya mstari huo mmoja kuna swali pana zaidi: obijekti iliyosomwa kutoka hifadhidata iishi kwa muda gani, na mtumiaji anapotoka ukurasa mmoja kwenda mwingine, ni nini hasa kinachopaswa kuvuka pamoja naye?

Swali hili haliko mbali na eneo letu. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004 na ambao historia yake imefungamana na kazi ya Chuo Kikuu cha Moi na washirika wake mjini Eldoret, umeandikwa kwa Java juu ya Hibernate na Spring. DHIS2 ya Chuo Kikuu cha Oslo, inayotumika kukusanya takwimu za afya Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, imejengwa kwa zana hizo hizo. Ndiyo maana mfano utakaotumika hapa ni wa zahanati: mgonjwa, ziara zake, na vipimo vya kila ziara.

Sesheni inavyofanya kazi

Hibernate ilianzishwa na Gavin King mwaka 2001, wakati ambapo njia rasmi ya Java ya kuhifadhi data, yaani vijenzi vya EJB vya kizazi cha pili, ilikuwa nzito na yenye kuchosha. Wazo lake lilishinda kiasi kwamba mwaka 2006 sehemu kubwa yake iliingizwa katika kanuni rasmi ya JPA. Kiini cha wazo hilo ni sesheni, ambayo JPA huiita EntityManager. Ndani ya sesheni moja, safumlalo moja ya jedwali huwakilishwa na obijekti moja tu, hata ukiiomba mara kumi. Sesheni hukumbuka obijekti ilivyokuwa iliposomwa, hivyo muamala unapofungwa inajua kipi kimebadilika na inaandika SQL yenyewe. Tena huahirisha usomaji: ukimsoma mgonjwa, orodha ya ziara zake haiji mpaka utakapoigusa.

Huduma hizo zote zina sharti moja: sesheni iwe hai. Ikifungwa, obijekti inabaki mkononi mwako lakini imekatika. Mabadiliko yake hayafuatiliwi, na ukigusa orodha ambayo haijasomwa unapata kosa la LazyInitializationException. Sesheni yenyewe si kitu cha kushirikiwa, kwa kuwa haikuundwa kutumiwa na nyuzi mbili kwa wakati mmoja. Kwa upande wa pili, itifaki ya HTTP haina kumbukumbu: ombi linakuja, linajibiwa, linasahaulika. Mtumiaji haoni mambo hivyo. Karani wa zahanati anayefungua faili la mgonjwa, kulisoma dakika tatu, kusahihisha namba ya simu na kubofya Hifadhi anajiona anafanya kazi moja, ilhali seva imepokea maombi mawili yasiyojuana. Pengo hilo ndilo ambalo kila njia inayofuata inajaribu kulijaza.

Njia ya kwanza: sesheni iliyo wazi kwa ombi zima

Njia ya open-in-view hufungua sesheni ombi linapoingia na kuifunga jibu linapokwisha kutumwa. Ilizaliwa enzi za kurasa za JSP, pale ukurasa ulipokuwa ukipewa obijekti ya mgonjwa na kujichukulia wenyewe unachotaka: jina, ziara, kipimo cha mwisho. Kwa mazingira yale ilikuwa na akili. Mwandishi wa huduma hakulazimika kujua ukurasa utaonyesha nini, na mwandishi wa ukurasa hakulazimika kuomba ruhusa ya kuongeza safu moja kwenye jedwali lake.

Nguvu hiyo bado ipo na isidharauliwe. Timu ndogo inayojenga mfumo wa ndani wa watumiaji ishirini inaweza kufanya kazi haraka sana kwa njia hii. Hoja kwamba open-in-view ndiyo chanzo cha maswali mengi ya hifadhidata nayo inahitaji kusahihishwa kidogo. Ukurasa unaoorodhesha wagonjwa 50 na tarehe ya ziara ya mwisho ya kila mmoja utatuma swali 1 la kupata wagonjwa na maswali mengine 50 ya ziara, jumla 51. Hilo linatokea hata ndani ya muamala ambao sesheni yake haijavuka mpaka wowote. Open-in-view hulificha tu. Bila yake msanidi angepata kosa siku ya kwanza; akiwa nayo anapata ukurasa unaofanya kazi kwenye kompyuta yake, ambako hifadhidata iko humo humo, kisha anashangaa unapokuwa mzito baada ya kuhamia seva halisi. Kama kila swali linachukua milisekunde 2 njiani, maswali 51 ni kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hifadhidata ikihamia kituo kingine na safari ikawa milisekunde 20, ukurasa huo huo unazidi sekunde moja.

Gharama kubwa zaidi, ambayo haitajwi vya kutosha, ni ya miunganisho. Katika mpangilio wa kawaida wa Spring Boot, sesheni ikishachukua muunganisho wa hifadhidata hubaki nao mpaka yenyewe ifungwe, hata kama muamala umekwisha zamani. Ni sawa na mteja aliyekwisha kunyolewa ambaye bado amekalia kiti cha kinyozi akisubiri simu. Sasa tazama hesabu. Seva ya Tomcat kwa kawaida hupewa nyuzi 200 za kuhudumia maombi, lakini HikariCP, akiba ya miunganisho inayokuja na Spring Boot, ina miunganisho 10. Ombi linalotumia hifadhidata kwa milisekunde 50 na kuachia mara moja linaruhusu miunganisho hiyo 10 kuhudumia maombi 200 kwa sekunde. Ombi hilo hilo likisoma malipo ya mgonjwa, kisha likaenda kuuliza mtandao wa pesa za simu na kusubiri jibu sekunde 1 huku sesheni iko wazi, uwezo unashuka chini ya maombi 10 kwa sekunde. Wengine wote wanapanga foleni, na HikariCP itawasubirisha hadi sekunde 30 kabla ya kuwarudishia kosa. Hifadhidata wakati huo haina kazi yoyote. Ukiitazama unaiona imetulia, na ndiyo maana watu huhangaika kutafuta tatizo mahali pasipo na tatizo.

Mtu anaweza kujibu kwamba mwito wa nje ukifanyika katikati ya muamala, muunganisho utashikiliwa vile vile, open-in-view iwepo au isiwepo. Ni kweli kabisa. Tofauti ni kwamba muamala una mipaka inayoonekana kwenye msimbo, na msanidi makini anaweza kuutoa mwito wa nje humo. Open-in-view inaifanya mipaka hiyo isiwe na maana: hata ukipanga muamala wako vizuri, muunganisho haurudi. Nyuzi nyepesi za Java 21 zilizotoka mwaka 2023 haziokoi jahazi. Zinaruhusu maelfu ya maombi kusubiri kwa gharama ndogo, lakini yote yanasubiri miunganisho 10 ile ile.

Njia ya pili: kubeba obijekti iliyokatika

Wengine hufunga sesheni mapema lakini huihifadhi obijekti ya mgonjwa ndani ya sesheni ya kivinjari, ile inayotambuliwa kwa kidakuzi. Karani anapobofya Hifadhi, sehemu alizojaza zinamwagwa juu ya obijekti hiyo, kisha inarudishwa kwa Hibernate kwa mwito wa merge. Uzuri wake ni kwamba inabeba ukweli muhimu: inajua mgonjwa alikuwa na hali gani wakati karani alipofungua fomu. Ikiwa jedwali lina safu ya toleo, yaani namba inayoongezeka kila safumlalo inapobadilishwa, Hibernate itaona kwamba mtu mwingine ameshabadilisha na itakataa kufuta kazi yake kimyakimya.

Kasoro zake zinaanzia kwenye merge yenyewe. Mwito huo hauifufui obijekti uliyonayo. Husoma nyingine kutoka hifadhidata, hunakili hali ya ile ya zamani juu yake, na kukurudishia hiyo mpya. Anayeendelea kuhariri ile ya zamani anaandika hewani. Zaidi ya hapo, kunakili huko hakujui nia ya mtumiaji. Kama orodha ya ziara imewekwa ili ziara inayotolewa kwenye orodha ifutwe pia katika jedwali, na fomu ikarudisha orodha pungufu kwa sababu tu ukurasa ulionyesha ziara za mwaka huu, merge itaelewa kwamba zile nyingine zimefutwa, na itazifuta. Lipo pia tatizo la vichupo viwili: karani aliyefungua wagonjwa wawili katika kivinjari kimoja ana sesheni moja ya kivinjari, na msimbo usio makini utaweka mgonjwa wa pili mahali pa wa kwanza.

Kuna binamu wa njia hii anayestahili kutajwa kwa ufupi tu: mpangilio wa Hibernate unaoruhusu obijekti iliyokatika kujifungulia sesheni ya muda kila inapoguswa. Kosa linatoweka, lakini kila mguso unakuwa sesheni yake na usomaji wake, na data ya ukurasa mmoja inaweza kutoka nyakati mbili tofauti za hifadhidata. Haufai kutumika.

Njia ya tatu: sesheni inayoishi kwa mazungumzo yote

Gavin King mwenyewe hakuridhika na hayo. Katika Seam, fremuweki aliyoianzisha baada ya Hibernate, alipendekeza kwamba kipimo cha maisha ya sesheni kisiwe ombi bali mazungumzo: tangu karani afungue fomu mpaka aimalize, hata kama ni kurasa tano. JPA ilikuwa tayari na sesheni ndefu kwa vijenzi vya EJB vyenye kumbukumbu, na wazo la mazungumzo likaingia katika kanuni ya CDI ndani ya Java EE 6 mwaka 2009.

Kinadharia ndiyo njia safi kuliko zote. Hakuna kukatika, hakuna merge, vichupo viwili ni mazungumzo mawili, na mabadiliko yote yanaandikwa mwishoni kwa muamala mmoja. Kilichoiangusha ni mazingira ya seva. Kila mazungumzo hushikilia kumbukumbu, na sesheni haipungui: kila obijekti iliyosomwa inabaki humo na kukaguliwa upya kila mabadiliko yanapotafutwa. Karani anayeondoka kwenda kunywa chai anaacha mazungumzo wazi, na seva haina njia ya kujua kama atarudi. Programu inapoendeshwa kwenye seva tatu, mtumiaji lazima arudishwe kwenye seva ile ile, au hali yote isafirishwe. Kuweka toleo jipya la programu saa za kazi maana yake ni kuyakata mazungumzo ya watu. Leo, ambapo seva huwashwa na kuzimwa kulingana na wingi wa kazi, masharti haya ni mazito. Mahali pa njia hii pamebaki kwenye programu za mezani na mifumo michache ya ndani inayokaa kwenye seva moja.

Njia ya nne: kuvusha data tupu

Njia iliyobaki inakata mzizi wa tatizo. Obijekti ya hifadhidata haivuki kabisa. Ndani ya muamala unasoma kile tu ambacho ukurasa unakihitaji, unakiweka kwenye obijekti ndogo ya kubebea data, unafunga sesheni, kisha unajibu. Mtumiaji anaporudi, analeta vitu vitatu: kitambulisho cha mgonjwa, namba ya toleo aliloliona, na alichokusudia kubadilisha. Muamala mpya unamsoma mgonjwa upya, unalinganisha toleo, unabadilisha, unafunga.

Lawama ya kwanza dhidi yake ni wingi wa msimbo: kila ukurasa na umbo lake, kila umbo na kazi ya kunakili. Lawama hiyo ilikuwa na uzito zaidi zamani. Tangu Java 16 ya mwaka 2021, aina ya record inaandika umbo kama hilo kwa mstari mmoja, na JPA inaweza kulijaza moja kwa moja kutoka kwenye swali bila kuunda obijekti ya hifadhidata. Isitoshe, kazi inayoonekana kuwa ya ziada ina faida ya usalama. Programu inayoruhusu fomu ijaze obijekti ya hifadhidata moja kwa moja inamruhusu pia mjanja kuongeza sehemu ambayo haikuwepo kwenye fomu, kwa mfano cheo chake mwenyewe katika mfumo. Umbo lenye sehemu tatu haliwezi kupokea ya nne.

Lawama ya pili ni ya kina zaidi: sasa msanidi lazima ajue mapema nini cha kusoma. Akiomba ziara 20 za mgonjwa pamoja na hati zake 30 katika swali moja lenye kuunganisha orodha zote mbili, hifadhidata inarudisha mistari 600, kwa kuwa kila ziara inazidishwa kwa kila hati. Akiomba kurasa za wagonjwa kumi kumi pamoja na ziara zao, Hibernate inaweza kulazimika kusoma wote na kukata ukurasa ndani ya kumbukumbu ya seva. Ramani za usomaji zilizoletwa na JPA 2.1 mwaka 2013 zinarahisisha uandishi lakini haziondoi hesabu hizi. Jibu la haki ni kwamba hesabu zilikuwepo tangu mwanzo. Open-in-view iliziahirisha hadi siku ya mzigo mkubwa. Njia hii inazileta mezani wakati msimbo unaandikwa, na mtu anaweza kuamua kutuma maswali mawili badala ya moja.

Kasoro ninayoiona kubwa zaidi ni nyingine, nayo huwakamata hata wazoefu. Wanasoma mgonjwa upya, wanaweka ndani yake namba ya toleo iliyotoka kwenye fomu, na kutarajia Hibernate ikatae ikiwa ni ya zamani. Haikatai. Kwa obijekti iliyo ndani ya sesheni, Hibernate hutumia toleo ililolisoma yenyewe na hupuuza lile uliloliweka kwa mkono. Matokeo ni programu yenye safu ya toleo katika kila jedwali, yenye sehemu iliyofichwa katika kila fomu, na isiyolinda chochote: karani wa pili anafuta marekebisho ya wa kwanza bila mtu kujua. Ulinganisho lazima uandikwe wazi, mstari mmoja, kabla ya kubadilisha chochote. Kwa programu zinazotoa data kwa simu au kurasa za JavaScript, itifaki ya HTTP ina mahali pake tayari: toleo linatoka kama ETag, linarudi katika kichwa cha If-Match, na lisipolingana seva inajibu 412. Tena toleo la mgonjwa halibadiliki lenyewe ziara inapoongezwa upande wa jedwali la ziara. Anayetaka mgonjwa na ziara zake vilindwe kama kitu kimoja lazima aombe toleo lipandishwe kwa makusudi.

Kupima uzito

Hoja ya kwamba tuache timu zichague kwa ladha zao haitoshi, kwa sababu njia hizi hazishindani juu ya jambo moja. Open-in-view inajibu swali la usomaji ndani ya ombi moja na haigusi kabisa lile la makarani wawili wanaohariri mgonjwa mmoja. Obijekti iliyokatika na sesheni ndefu zinajibu la makarani wawili kwa gharama ya kumbukumbu na uthabiti wa seva. Data tupu inajibu yote mawili, ila inataka nidhamu ambayo hakuna fremuweki itakayomlazimisha mtu kuwa nayo. Kwa mfumo mpya unaotarajiwa kukua, unaozungumza na huduma za nje, au unaoendeshwa kwenye seva zaidi ya moja, uzito unaelemea njia ya nne. Obijekti ya hifadhidata ina faida ndani ya muamala tu. Kila jaribio la kuirefushia maisha limelipiwa mahali pengine, mara kwa miunganisho, mara kwa kumbukumbu ya seva, mara kwa data iliyofutwa.

Pingamizi lililobaki ni la kazi ndefu: fomu ya kurasa tano, kama ya kumsajili mgonjwa wa bima, haiwezi kutoshea katika vitambulisho na namba ya toleo. Hapo wengi hurudi kwenye sesheni ya kivinjari. Lakini fomu iliyojazwa nusu ni data yenye haki ya kuwa na jedwali lake, lenye hali ya rasimu, mwenye nayo na tarehe ya kuisha. Ikiwekwa hivyo, karani anaweza kuendelea kwenye kompyuta nyingine kesho, umeme ukikatika hakuna kinachopotea, na msimamizi anaweza kuona ni rasimu ngapi zimekwama. Masharti ya ukamilifu yanakaguliwa rasimu inapogeuzwa kuwa usajili, si kabla. Ni kazi ya ziada ya jedwali moja, na inaondoa haja ya mazungumzo ya kwenye seva karibu kabisa.

Mifumo ya zamani ni habari nyingine. Kuzima open-in-view kwa mkupuo katika programu ya miaka kumi ni kualika makosa kwenye kurasa ambazo hakuna anayezikumbuka. Utaratibu unaoleta faida mapema ni kuanza na safu za toleo na ulinganisho wake, kwa kuwa upotevu wa data ndio usiorekebishika. Kisha ziwashwe takwimu za Hibernate ili kila ombi lijulikane linatuma maswali mangapi, na maombi yanayoita huduma za nje yahamishwe kwanza, maana ndiyo yanayokausha akiba ya miunganisho. Spring inaruhusu open-in-view izimwe kwa programu nzima huku kizuizi kinachofungua sesheni kikisajiliwa kwa njia za anwani zilizochaguliwa tu. Orodha hiyo ya anwani inaweza kupunguzwa toleo baada ya toleo, na ukurasa wa ripoti ya ndani unaofunguliwa na mhasibu mmoja mwisho wa mwezi unaweza kubaki humo bila kumdhuru mtu.